Uzi Mwekundu kwenye Kola

Mimi ni dobi, na dobi hadanganyiki kirahisi. Niletee shati lako nitakuambia ulikaa wapi na ulikula nini. Ndiyo maana hasira zilinishika nilipogundua kwamba mzee mmoja alinidanganya karibu miaka miwili, tena akinywa chai yangu.

Nilikuja Juba kutoka Nakuru kufanya kazi ya hoteli. Hoteli ikafungwa, nikaona aibu kurudi nyumbani mikono mitupu, nikaanza kufua nguo za watu kwenye ua niliopanga mtaa wa Munuki. Nguo za wateja nazitia alama: mishono mitatu ya uzi upande wa ndani wa kola, kila nyumba na rangi yake. Mzee huyo nilimpa mwekundu, kwa sababu aliniambia alikuwa mwanajeshi.

Alikuwa na koti moja la kijivu na nishani moja ya vita. Kabla ya kunipa koti huibandua nishani, huifunga kwenye leso, huitia mfukoni. Koti lilikaa kwangu, limetundikwa, mpaka alihitaji kwenda kanisani au mazishini.

“Nikuletee wapi, mzee?”

“Mimi iko New Site, mama. Mbali sana. Wacha, nitakuja mwenyewe.”

Nami nikamtania, eti mke wako hana hata msumari mmoja wa kutundika koti? Alicheka, akaomba chai nyingine. Mashati yake yalikuwa na vumbi la saruji mgongoni. Nikajua anajenga. New Site ni mtaa mpya, kila mtu anajenga.

Asubuhi moja nilikuwa napeleka mashuka ya mteja, nikakata njia ndani ya jengo ambalo halijaisha, la orofa mbili, bila madirisha. Nikamkuta mzee anakunja mkeka, kingo zote sawasawa, kama yuko kambini. Kwenye chuma kilichotokeza ukutani lilining’inia shati, na kwenye kola niliuona uzi wangu.

“Ai, mzee!”

Alisimama wima. “Malesh, mama,” akasema. Alikuwa ananiomba radhi, yeye!

Akanieleza kwa kifupi. Nyumba yake iliungua wakati wa mapigano. Alipotoka hospitali alikuta kiwanja kimezungushiwa uzio, na wenye uzio wana karatasi. “Kupigana, mimi nimepigana ya kutosha,” akasema. Alikuwa na binti mmoja, amelelewa Uganda kwa ndugu za marehemu mama yake. Binti aliambiwa baba anaishi Munuki, kwenye ua mzuri. “Usimwambie mtu, mama.”

Nilirudi nyumbani nikikumbuka ule utani wangu wa msumari. Nilijichukia siku nzima.

Miezi ikapita. Siku moja akaja bila nguo, akasimama tu mlangoni. “Mama, mimi nataka kukopa nyumba. Siku moja.”

Binti amepata mchumba, mwalimu mwenye nyumba New Site. Wazee wa kijana wanataka kuja kuzungumza habari ya ng’ombe wa mahari, na wazee hao hubisha kwenye lango la baba. Baba asiye na lango, wajomba ndio wanazungumza, yeye anakaa pembeni kama mgeni kwenye ndoa ya mtoto wake mwenyewe. Hilo ndilo alilokuwa analiogopa, kuliko njaa.

Nilimwambia hapana. Nikamwaga maji, nikajaza makaa kwenye pasi, nikaipigiza juu ya meza. Kisha nikamuuliza, “Watakuja saa ngapi?”

“Saa nne. Na wewe, mama, utakuwa mpangaji wangu.”

Haya basi! Kodi nalipa mimi, na mpangaji ni mimi!

Siku yenyewe alifika mapema kujifunza nyumba. Maji yako wapi, mlango unafungukia wapi. Komeo la lango langu linakwama, lazima uliinue kidogo ndipo livutike. Alilifungua na kulifunga mara ishirini hivi. Wenzake wawili wa jeshini, waliojua siri yake, walikuja kukaa kama ndugu zake.

Binti alishuka kwenye bodaboda, akapiga magoti kunisalimia kama walivyomlea Uganda. Msichana mpole, mikono haitulii. Akanisaidia kuanua nguo kambani, akaona nyuzi: kijani, njano, buluu. Akauliza. Mimi nami, kwa mdomo wangu huu, nikajigamba: hizo ni za wateja, kila nyumba na rangi yake, ila za watu wa hapa ndani hazina alama, za nini?

Jua lilikuwa kali. Mzee alivua koti, binti akalipokea alitundike. Nikamwona amegeuza kola. Mungu wangu! Nilifua lile koti, nikalipiga pasi, hata nishani, aliyoniachia kwa mara ya kwanza, nikaing’arisha, na uzi nikausahau palepale.

Aliutazama uzi. Akanitazama mimi. Akatazama chumbani kwangu, kitanda kimoja na gauni langu mlangoni.

Kukabishwa langoni. Binti akainua kola mdomoni, akaukata ule uzi kwa meno, akamshikia baba yake koti. “Baba, vaa. Wamefika.”

Mzee akaenda, akainua komeo, likafunguka bila kelele. Walizungumza mpaka alasiri. Mimi nilikuwa jikoni, nikisikia sauti yake ikiwa katikati ya sauti zote, na baadaye kicheko. Nikajua yamekwisha vizuri.

Wageni walipoondoka, mzee akiwasindikiza, binti aliosha vyombo nami.

“Mama, baba yangu analala wapi?”

Nilitafuta uongo, sikuupata. Nikamwambia. Alilia juu ya beseni bila sauti, sufuria mkononi, nami nikalia. Halafu akajifuta, akaomba sindano na uzi mwekundu. Koti baba alikuwa ameliacha kwenye kiti.

“Hataki nijue,” akasema. “Basi, leo sijui. Wacha kwanza niolewe, niwe na nyumba.” Akashona mishono mitatu mahali palepale.

Baada ya harusi mzee aliniletea koti lifuliwe. Nilikuwa naligeuza alipoweka kidole kwenye kola.

“Hii uzi si yako, mama. Wewe unafunga fundo kubwa.”

Nikalitia koti majini.

“Binti yangu ameona?”

“Ameona.”

“Lini?”

“Siku ileile. Kabla hujafungua lango.”

Aliketi kwenye benchi. Chai ilipoa mbele yake. “Alijua,” akasema, “na akanishikia koti nivae.” Akafunika uso kwa ile leso ya nishani. Nikaendelea kufua.

Jumamosi alikuja kulichukua. Mkeka ulikuwa kwapani, umefungwa kamba. Nikalitoa koti msumarini, na kwa mazoea nikamuuliza kama nimhifadhie.

“Hapana. Leo naenda nalo.”

“Unalipeleka wapi, mzee?”

Akabandika nishani kifuani taratibu, akainua komeo la lango langu bila kulitazama.

“Mimi iko New Site, mama.”