Mjomba Hafi Kabla ya Posa

Kiingereza nimejifunza peke yangu, kwa riwaya za zamani za Waingereza. Nasoma kwa utaratibu: siruki ukurasa wala sichungulii mwisho. Utaratibu huo haukumuumiza mtu mpaka nilipoanza kuwasimulia wateja riwaya moja kwa Kiswahili, sura moja kila Jumapili baada ya ibada, katika duka langu la ushonaji hapa Malvern.

Msikilizaji wangu mwaminifu alikuwa msusi wa jirani, mjane kutoka Bukavu. Mlinzi mmoja anayefanya kazi Marshalltown alitaka kumwoa. Msusi alimjibu, "Ngoja papa fundi amalize kitabu." Nadhani alitaka muda tu, lakini mlinzi alilichukua neno lake kama lilivyo, akawa anakuja kila Jumapili na kukaa karibu na pasi.

"Papa, kurasa bado nyingi?"

"Bado."

"Hawa Wazungu hawana haraka. Mtu anapenda mwaka mzima, hata chai hajaomba."

"Wewe si uliomba?" msusi akamwambia.

"Niliomba. Ukanipa ya jana."

Siku moja mlinzi alinifuata mpaka kwenye robot, zile taa za barabarani, akanisihi nimwambie tu kama yule binti wa kwenye riwaya ataolewa. Sikujua. Nilichojua ni kwamba riwaya hizo zina milango miwili ya kutokea, harusi na kikohozi, na binti alikuwa ameanza kukohoa.

Hakufa. Katika ukurasa wa mwisho aliolewa, kwa sentensi moja. Iliyofuata ilieleza nyumba aliyoachiwa na mjomba wake. Nilitafsiri kama ilivyoandikwa.

"Nani alipokea wageni?" msusi akauliza.

"Kitabu hakisemi."

"Na huyo mjomba?"

"Amekufa ili amwachie nyumba."

"Mjomba wa maana hafi kabla ya posa." Akamgeukia mlinzi. "Lete wazee wako." Kisha akanitazama mimi. "Papa, sina ndugu mji huu. Utanisemea wewe."

Wanakuja Jumamosi. Nimepekua vitabu vyangu vyote nione mjomba anavyopokea wageni wa posa. Wajomba wa humo wako safarini au kaburini. Kwa hiyo nitafuata ya kwetu: siku ya kwanza mjomba hakubali. Jana mlinzi alipita dukani kuuliza, kwa heshima zote, kama nitakataa kwa ufupi.

Nimemwambia itategemea wazee wake wanavyoongea.