Neno la Nesi Nililolimeza

Mjukuu wangu alizaliwa amechoka. Ndivyo alivyosema nesi: kachelewa kulia, ubongo umekosa hewa. Binti yangu alikuwa amelala, hoi, kwa hiyo niliambiwa mimi. "Bibi, baada ya wiki mbili mrudisheni, aanzishiwe mazoezi mapema." Nikaitikia sawa. Sikumwambia mtu.

Mimi nina mdomo, mtaa mzima wa Makorora wanajua, lakini hilo nililimeza. Kwetu mzazi hatoki na kichanga kabla ya arobaini, na mimi ndiye niliyekuwa nikimkanda binti yangu kwa maji ya moto na kumpikia uji wa pilipili manga. Nivunje arobaini kwa neno la kibinti cha juzi? Mazoezi gani ya mtoto wa wiki mbili, anakwenda kucheza mpira? Arobaini ikapita, nikaendelea kunyamaza. Mtoto halii hovyo, nami nikimsifu kwa majirani, mpole huyu, kamfuata babu yake. Mpole wapi! Hata kunyonya kulimshinda, na mimi najisifu.

Akafika miezi mitano, shingo haijakaza, ngumi kafumba, miguu imekakamaa. Ndipo tukampeleka hospitali. Mama wa mazoezi akamlaza kifudifudi juu ya khanga iliyoviringishwa, akatuonyesha namna ya kumfungua vidole taratibu, bila kumvuta. Kisha akauliza mbona tumechelewa.

Binti yangu akainamisha kichwa. "Ni mimi," akasema. "Nilichoka kusukuma."

Kumbe miezi yote ile alikuwa akijilaumu, na mimi kutwa namwambia ale, alale, asiwaze. Niliona haya.

"Si wewe," nikasema. "Nesi alitaka tumrudishe baada ya wiki mbili. Nilikuficha."

Mama wa mazoezi akasema hakuna ajuaye mtoto angekuwaje tungewahi, tuanze leo. Alinihurumia, na huruma ile iliniuma kuliko kama angenitukana.

Sasa kila asubuhi binti yangu hutandika mkeka, akaniwekea mtoto mapajani nimnyooshe miguu. Hilo hanikatazi. Jumatano ya kliniki nikavaa baibui langu, nikatangulia mlangoni. Akampakata mwanawe, akanipita.

"Mama, wewe baki," akasema, kwa adabu kabisa. "Wakisema neno, nataka nilisikie mwenyewe."