Miji Aliyonipa Bi Adela

Harufu ya nguo mpya ndiyo iliyotuamsha kila asubuhi Guangzhou, Uchina: dawa ya kiwandani, vumbi la pamba na gundi ya viatu kutoka maduka ya jumla ya Liuhua. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Bibi yangu mzaa mama, aliyenilea Makunduchi, alikuwa amefariki, na kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kubaki nami, mama akanichukua kwenye safari yake ya biashara. Kutwa yeye alikuwa sokoni akifunga mizigo. Mimi nilibaki hotelini. Tangu mazishi sikumwambia zaidi ya ndiyo na hapana. Nasema kweli, nilimwona mgeni.

Katika chumba cha jirani alikaa Bi Adela, Mmarekani mweusi aliyejifunza Kiswahili ujanani. Alitunga riwaya na kukusanya ngano za wazee wa kwao, lakini vitabu vyake havikununuliwa tena, akawa anafundisha Kiingereza. “Mmarekani gani huyu, soksi zimetoboka?” mama alininong'oneza.

Mchana Bi Adela aliniomba vitendawili. Akishindwa, ilimbidi anipe mji. Watoto wa kwetu hutupa mji wowote, Kairo au Bombei, ili mradi mchezo uende. Yeye hakulijua hilo. Alinipa miji aliyoishi kweli, kila mmoja na habari zake: kijiji cha watu weusi pekee alikozaliwa, wazee wakishindana barazani kwa uongo mtamu, mji wa kaskazini alikofulia watu nguo huku akiandika riwaya ya kwanza, mji ambako kitabu kilisifiwa na mume akaondoka wiki ileile. Ukiona vyaelea, vimeundwa.

Alasiri moja akatega yeye. “Nyeupe shambani, nyekundu mkononi.” Nikashindwa.

“Nipe mji, mwanangu.”

Ningeweza kumtupia Bombei. Niliona haya. “Chukua Makunduchi,” nikasema, kisha nikamweleza kikohozi cha bibi, na asubuhi nilipomtikisa asiamke. Mama alikuwa amerudi, amesimama mlangoni na mifuko yake.

Kwa desturi, mshindi husimulia safari yake katika mji aliopewa kabla ya kutoa jibu.

“Nimefika Makunduchi,” Bi Adela akasema polepole. “Nimemkuta bibi yako. Ananiuliza: binti yangu naye amefiwa na mama yake, nani anampa pole?”

Nikageuka. “Pole, mama.” Mifuko ikamponyoka. Tulipomaliza kulia, Bi Adela akatoa jibu: pamba, na damu ya vidole vya waliochuma.

Siku hizi nasafiri peke yangu. Watu huniuliza natoka wapi. Nawatajia Makunduchi, wanaitikia kwa kichwa, wanarudi kwenye simu zao. Hakuna anayefunga safari.