Andika kwa Maneno Yako

Mwanangu, iko siku moja ya soko ambayo hainitoki akilini. Nakuona hapo na simu yako, unasoma kitabu huku kidole kinapaka rangi kila mstari, nikaona nikusimulie.

Nilikuwa bado mchanga katika kazi ya uuguzi, kwenye kituo kidogo cha afya nje ya Mwingi. Nilikuwa pia nasomea diploma kwa masafa, na vitabu vyote vilikuwa ndani ya tableti. Wakati wa chai nilisoma, nikapaka rangi ya njano kila nilipoona pana maana. Na wapi hapakuwa na maana? Ukurasa mzima uling'aa, nami nikajiona msomi kweli.

Mkubwa wetu alikuwa Sista Mwende, mama wa Kilungu aliyekaribia kustaafu, mpole ila hana mchezo. Siku moja aliichukua ile tableti, akapitisha kurasa polepole.

"Mumbua, hii ni kitabu ama ni shamba ya alizeti?"

Nikacheka. Yeye hakucheka. Akaifunika tableti kwa kiganja.

"Haya, niambie umesoma nini. Kwa maneno yako."

Nikanyoosha mkono niifunue tena.

"Umepaka rangi," akasema. "Kusoma bado."

Nilikasirika, sikufichi. Lakini alivuta kiti, akanionyesha. Soma kwanza ukurasa mzima bila kugusa. Kisha chagua sentensi moja, ile ambayo ukiikosa umekosa yote. Ibonyeze, fungua pale pa kuandika, useme kwa maneno yako utafanya nini siku ukikutana na jambo hilo. Usiponakili, akili italazimika kutafuna. Kama hujaelewa, anza na neno SWALI, ili baadaye ukilitafuta maswali yako yote yajitokeze pamoja. Na Ijumaa ujitumie maandishi yako kwa baruapepe, kwa sababu tableti huanguka.

Basi nikaanza. Ilikuwa polepole, nikiona wenzangu wa masomo wananiacha. Kwenye ukurasa wa akina mama wanaotokwa na damu baada ya kujifungua niliandika hivi, kwa Kiswahili changu cha nyumbani: "Tumbo laini, damu nyingi: ita watu, sugua, sindano. SWALI: kibofu kinaingiaje hapa?" Kuuliza si ujinga. Sista alinijibu tukikunja shuka, nami nikaongeza: "Kibofu kikijaa, mji wa mimba hauwezi kukaza. Toa mkojo."

Sasa ile siku ya soko. Sista Mwende alikuwa ameenda Kitui kuchukua dawa. Akaja mama kijana, Kasyoka, akisindikizwa na mama mkwe wake. Alijifungua salama, mtoto akalia vizuri, sote tukamshukuru Mungu. Kisha damu ikaanza kutoka, na haikukatika.

Nilimwita mwenzangu wa maabara, nikamtuma apige simu ya gari la wagonjwa. Nikasugua tumbo. Nikadunga sindano. Tumbo bado laini. Kasyoka akaanza kusinzia, na mama mkwe akanishika mkono: "Mwaitu, mama yetu, usimwache aende."

Mwanangu, kurasa zote za njano zilinitoka. Kilichonijia ni sauti yangu mwenyewe: toa mkojo. Nikamwekea mpira wa kutolea mkojo, ukatoka mwingi kupita nilivyodhani, nikasugua tena. Chini ya mkono wangu nikausikia mji wa mimba ukikaza, ukawa mgumu kama ngumi. Damu ikapungua. Gari lilipofika, Kasyoka alikuwa akiuliza mtoto wake yuko wapi.

Sista aliporudi alinikuta nimekaa chini. Nilimweleza yote. Hakunisifu sana, si kawaida yake. Alisema tu, "Asante Mungu," akanitengenezea chai kwa mkono wake.

Siku hizi yuko kwao Kilungu, macho yamefifia. Nikipata nafasi nashuka kumsomea vitabu, na kila ukurasa ananisimamisha: "Hapo tuandike nini?" Naandika anayosema, kisha yangu, tunabishana kidogo, tunaendelea. Sijui nimlipe nini mtu kama huyo. Namshukuru tu, naye anakataa kushukuriwa.

Wazee walisema, elimu bila amali ni kama nta bila asali. Kwa hivyo, mwanangu, usikikimbize kitabu. Weka alama chache, uliza bila aibu, jibu kwa lugha unayoitumia ukiwa na hofu, maana hiyo ndiyo itakayokuja ukiitwa. Na akitokea mtu wa kukukemea kwa upendo, mvutie kiti.

Mungu akupe macho ya kuona lililo muhimu na moyo wa kulishika. Mikono yako iwe njia ya uzima kwa watu usiowajua bado. Amina.