Hobi za Kuandikiwa

Wanaume wote wa mtaa huu wanapenda kusoma vitabu, na mimi ndiye niliyewafanya wapende. Msinishukuru. Hakuna aliyemaliza hata kimoja.

Kazi yangu ni kuchapa. Duka langu lina mlango mmoja na dirisha moja, kompyuta mbili, mashine ya fotokopi inayotafuna karatasi kila ikimwona mteja mwenye haraka, na kitambaa cha buluu ukutani cha kupigia picha za pasipoti. Miaka kumi na tisa nimekalia kiti kile kile nikiwachapia watu barua za kuomba kazi, barua za kuacha kazi, na wasifu. Wananiita Dada Kopi. Nikikasirika ndiyo kwanza wanazidi.

Sasa kwenye wasifu, mwisho kabisa, kuna mahali pa kutaja mambo unayopenda kufanya. Hapo ndipo watu wazima wanapobabaika. Mtu ametaja shule zake zote bila kukosea mwaka, lakini ukimuuliza hupenda kufanya nini akiwa hana kazi, anakutazama kama umemuuliza ameiba nini. Nilichoka kusubiri, nikawa naandika mwenyewe: kusoma vitabu, kusafiri, kubadilishana mawazo. Dereva, mlinzi, mhasibu, wote hao wanabadilishana mawazo. Mawazo yenyewe sijui huwa wanayatoa wapi.

Halafu ukaja mtandao wa wachumba. Simu kila mtu anayo, maneno ndiyo hakuna, kwa hiyo wakaja kwangu niwajazie fomu. Siku hizo hizo kukazuka orodha moja iliyokuwa ikiruka kutoka simu hadi simu, eti hobi zinazomfanya mwanamume apendwe. Juu kabisa kusoma. Kisha kupika, kupiga gitaa, kulima bustani, kuchonga mbao, kujifunza lugha za watu. Chini kabisa wameweka zile zinazowakimbiza wanawake: kubishana mitandaoni, kubashiri mechi, kushinda kijiweni. Huko chini ndiko nilikowakuta wateja wangu wote.

Nikawapandisha juu, ningefanyaje? Kinyozi mmoja, ambaye akifunga kibanda chake hufungua mdomo kubishana na watu asiowajua mpaka betri iishe, nikamwandikia bustani. Muuza simu nikamwandikia gitaa, nikamwambia akiulizwa aseme liko kwa fundi. Waliobaki wote, vitabu. Na kwa kuwa mtu akisema anasoma lazima ataulizwa anasoma nini, nikawapa na kitabu. Jina nilitunga mwenyewe, Paa la Jirani, nikawafundisha: ukiulizwa, sema uko katikati.

Basi karani mmoja wa ofisi ya maji akakutana kwenye mgahawa na mwalimu wa chekechea, wote wawili wateja wangu. Karani akasema anasoma Paa la Jirani. Mwalimu akaruka kwenye kiti, hata yeye! Umefika wapi? Katikati. Na mimi katikati! Wakakaa nusu saa kila mmoja anamsihi mwenzake asije akamwambia mwisho. Wameoana. Wana watoto wawili, na bado wako katikati.

Shangazi yangu, ninayeishi naye, alicheka habari hiyo mpaka akashika mbavu, kisha akanigeukia. "Unaozesha watoto wa watu," akasema. "Na wewe nani anakuandikia?" Nilikuwa na miaka arobaini na mmoja. Nikamwambia anywe chai yake, inapoa.

Haya, tuje kwa fundi tairi. Banda lake liko ng'ambo ya barabara, mkabala na mlango wangu. Ni mtu mrefu, mpole, asiye na haraka hata mteja akimpigia honi. Kabla ya kuvuka kuja kwangu hunawa mikono kwa sabuni ya unga mpaka kwenye viwiko, asije akachafua karatasi zangu. Mara ya kwanza alikuja kutoa kopi ya kitambulisho. Wiki ile ile akaja kutoa nyingine. Mwezi mmoja nilimtolea kopi tisa za kitambulisho kimoja, nikajiambia maskini, huyu kaka anapoteza vitu.

Siku moja mashine ilikuwa imetafuna karatasi. Mimi nimepiga magoti nyuma yake naichokonoa, yeye ameegemea kaunta, na duka halina mtu mwingine. Akaanza kuongea bila kuulizwa. Mama yake alipata kiharusi miaka mitatu iliyopita, mkono wa kulia haunyanyuki. Na mama huyo tangu ujana wake ni mtu wa kujipenda, hatoki mlangoni nywele zimetimka. Kwa hiyo kila Jumapili fundi anamkalisha kwenye mkeka, anamtia mafuta, anamsuka. Alijifunza kwa kuwatazama wasusi wakifanya kazi. Mwanzoni mistari ilipinda, mama akijitazama kwenye kioo anacheka mpaka machozi. Sasa inanyooka.

"Katika wiki nzima hakuna saa ninayoipenda kama ile," akasema. "Sijawahi kumwambia mtu. Pale bandani wakisikia, nitahama mji." Kisha akauliza, "Na wewe, dada, Jumapili huwa unafanya nini?"

Jamani! Nilikuwa nikimsikiliza nimeshikilia kipande cha karatasi, wino umeniingia mpaka kwenye kucha, na nilijua pale pale kwamba mtu huyu namtaka. Mwanamke mwenye akili angejibu alichoulizwa. Mimi nikasimama, nikajifuta mikono, nikasema kwa sauti ya kikazi, "Fundi, umri huo na huna mke. Nikuandikishe kwenye mtandao wa wachumba?"

Nilikuwa namtega, niseme ukweli. Nilitaka acheke, aseme, mke wa mtandaoni wa nini? Hapo ningejua pa kuanzia. Akaitazama mikono yake iliyotakata, akasema, "Ukiona inafaa."

Mchimba kisima huingia mwenyewe. Nikamsimamisha mbele ya kitambaa cha buluu, nikampiga picha, na alipendeza, Mungu anisamehe. Alipovuka kurudi bandani nikaifungua fomu. Jina, umri, kazi. Nilipofika mahali pa mambo anayopenda, vidole vikaanza vyenyewe, kusoma vitabu. Nikasita. Nikiacha vitabu hapo, watamchukua kesho asubuhi. Paa la Jirani limeozesha watu wabaya kuliko huyu. Nikavifuta. Nikajiuliza, ni mwanamke gani atamtaka mwanamume anayekaa mkekani na kitana akisuka? Nikaandika ukweli mtupu, kwa mara ya kwanza tangu niianze ile kazi: "Kila Jumapili namsuka mama yangu nywele, kwa sababu mkono wake hauwezi." Nikaituma, nikakaa kusubiri wanawake wamkimbie ili abaki kwangu. Kumtaka mtu na huku unamtilia kitumbua chake mchanga, huo ndio uliokuwa upendo wangu.

Asubuhi nilikuta jumbe kumi na nne. Jioni zilikuwa thelathini. Siku ya tatu zilifika sitini na mbili, na nyingi zilitoka kwa wanawake niliowajazia fomu mimi mwenyewe, waliokwisha kuchoshwa na wasomaji. Mmoja aliuliza, "Huyu ni mtu kweli au ni tangazo la mafuta?" Mwingine hakuuliza kitu, alituma picha ya kisogo chake. Shangazi, aliyekuwa ameniletea chakula cha mchana, akasoma juu ya bega langu. "Mwanamume mwenyewe yuko wapi?" Nikamwonyesha kwa kidevu, ng'ambo ya barabara, ameinama anajaza upepo. Shangazi hakumtazama yeye, alinitazama mimi. "Mwanangu," akasema, "umefanya nini?"

Ilinibidi nimwite nimsomee. Nilipofika kwenye maneno niliyoyaandika, uso wake ukabadilika.

"Uliandika habari ya mama?"

"Niliandika."

Akageuka kutazama bandani. "Haya," akasema.

Bandani walijua kabla ya wiki kwisha, wakamcheka, wakamwita Bi Msusi, na yeye akaendelea kuziba pancha zake. Kisha mmoja wao, yule aliyecheka kwa sauti kuliko wote, akaja dukani kwangu akitazama nyuma, akaninong'oneza nimwandikie kwamba na yeye anasuka.

"Unamsuka nani?"

"Mama."

"Mama yako si tulimzika mwaka juzi?"

Akafikiri kidogo. "Basi andika nilikuwa namsuka."

Mwezi ule niliwaandikia kusuka wanaume kumi na saba, pamoja na yule kinyozi. Walionipita wakaenda saluni kujifunza kweli walikuwa wawili, na mmoja alisimamishwa pale pale baada ya kumtoa mteja machozi.

Mimi nilikuwa naomba Mungu wale sitini na mbili wawe kama sisi wote, waongo wa kawaida. Fomu zao nikimsomea fundi, anatabasamu tu. "Hawa wote wanasoma?" anauliza. "Mbona maduka ya vitabu yamefungwa?" Nikawa nafurahi. Mpaka nikafika kwa muuguzi mmoja wa zahanati. Huyo hakuja kwangu, alijaza mwenyewe. Mambo unayopenda: "Nikipata nafasi, nalala." Na ujumbe wake ulikuwa huu: "Mimi nilimsuka mama yangu mpaka wiki aliyofariki. Ukitaka nitakuonyesha jinsi ya kumwekea mto, asichoke shingo."

Niliusoma kimoyomoyo mara mbili nikiutafuta uongo. Haukuwamo. Ningeweza kuufuta, kidole kilikuwa pale pale, na fundi asingejua maisha yake yote. Lakini nilifikiria shingo ya yule mama. Nikamsomea kwa sauti ya mtu anayetangaza magari ya kuondoka.

"Huyu hasomi vitabu?" akauliza.

"Hasomi."

"Basi nitaonana naye."

Walionana. Nilijua siku wanazoonana kwa sababu banda lilifungwa mapema, na mimi siku hizo nilikuwa nakosea herufi, nikamchapia barua ya kuomba kazi mtu aliyeniomba barua ya kuacha. Shangazi aliniambia, "Nenda kamwambie." Nikamwambia mambo hayo mimi siyawezi. Miezi ikapita minane.

Kisha fundi akavuka barabara, mikono imetakata, ameshika karatasi iliyokunjwa mara nne. Alitaka nimchapie kadi za harusi. Aliikunjua mwenyewe kwenye kaunta. Maneno ameandika kwa mkono, mwandiko wa mtoto wa shule, jina lake na la muuguzi na tarehe.

Nikasema sitasema, nikasema. "Fundi, nina neno. Ile fomu yako. Habari ya mama niliiandika makusudi. Nilidhani watacheka, wakukimbie, ubaki hapo ulipo. Nilikuwa nakutaka mimi."

Hakukasirika. Laiti angekasirika, ningempa za uso, tukagombana, ikaisha. Aliinyoosha ile karatasi kwa kiganja, polepole.

"Dada," akasema, "siku ile sikuwa nimekuja kujaza fomu."

"Najua, mimi ndiye nili..."

"Nisikilize. Yale sikumwambia mchapaji. Nilikuwa nakuambia wewe. Nikakuuliza Jumapili unafanya nini, kwa sababu nilitaka uje nyumbani umwone mama. Mama alikuwa anajua kwamba nitakuuliza siku hiyo. Uliponiambia utaniandikisha, nikaona basi, hunitaki, unanipa wengine kwa heshima. Nikasema na mimi nikubali kwa heshima."

Ng'ambo ya barabara gari lilikuwa limesimama mbele ya banda, linapiga honi.

"Mchumba wangu ni mtu mwema," akasema, taratibu, kama anayenieleza jambo la ugonjwa.

"Ni mtu mwema," nikasema, na kweli ni mwema, nilikuwa nimemtafutia kasoro kwa macho yangu mawili. "Na mama anampenda?"

"Anampenda sana."

Lile gari likapiga honi tena. Hakugeuka, alikuwa ananisubiri. Nikavuta kiti, nikaisogeza ile karatasi karibu na mwanga, nikamuuliza anataka nakala ngapi.