Nilikata Mabomba ya Friza za Masista

Mafundi wa Morogoro walisema sitaweza. "Fundi friji aende Uingereza kufanya nini? Huko si maziwa unaweka dirishani tu yanaganda!" Walicheka mpaka wakashikana mabega. Basi nilikwenda. Nikasoma Birmingham, nikapata diploma ya ufundi wa majokofu, nikafungua karakana mtaa wa Alum Rock. Leo nimerudi Morogoro, na mafundi wale wale mnaowasifia wanakuja kwangu kuuliza.

Mtasema najisifu. Naam, najisifu! Lakini nataka mjue kwamba nilichofanya sikukifanya kwa ujinga. Nilijua kabisa. Ndiyo maana nina hasira mpaka leo, na ninayemkasirikia ni mimi mwenyewe.

Kule Edgbaston, mtaa mwingine wa Birmingham, kulikuwa na nyumba ya masista wa Kikatoliki. Mmoja wao, Sista Rozalia, alikuwa Mkongo wa Uvira, mama mwenye sauti ya kuamrisha. Baridi yangu ya kwanza, yeye ndiye aliyeniazima koti.

Masista hawa hawakuwa watu wa kusali wakalala. Kila Ijumaa walisimama na mabango nje ya supamaketi moja kubwa, mvua inyeshe isinyeshe, wakidai gesi ya majokofu yake isiachwe kuvuja hewani, kwa sababu inaipasha dunia joto vibaya sana.

"Siye huku tunakulaka aisikrimu," Sista Rozalia aliniambia siku moja, "na kule kwetu mayi ya mvua inabeba nyumba. Dada yangu alikuwa mu ile nyumba. Njo haki?" "Njo" yake ni "ndiyo" yetu.

Hatimaye wakubwa wa supamaketi wakakubali kukaa nao. Sista hakutaka kwenda mikono mitupu. Jikoni kwao kulikuwa na friza kuukuu kadhaa, akanipa nizisafirishe nikauze nyumbani, kwa sharti moja: kwanza gesi iliyomo niifyonze yote niitie kwenye mtungi, naye aubebe mtungi ule kikaoni. "Ili basituambie tuanze kwetu."

Nikaazima mashine ya kufyonza gesi kwa Haji, Mzanzibari aliyekuwa na karakana jirani yangu.

"Hii mashine polepole, kaka," akanionya. "Usiikimbize. Na usije ukaniaibisha."

Kontena langu la mizigo ya nyumbani lilikuwa linafungwa jioni ile. Nikatazama friza, nikatazama saa. Mashine hata sikuichomeka! Nilizisukuma friza nyuma ya kibanda cha bustani, nikatoa koleo, nikakata bomba moja baada ya jingine. Fssss! Mimi, mwenye diploma!

Sista akatoka na kikombe cha chai. "Gesi yote iko mu chupa, mon fils, mwana yangu?"

"Yote, Sista."

Akaupiga mtungi kofi la upole, kama anayempongeza ng'ombe. "Weye ni fundi ya kweli."

Siku ya kikao nilivaa tai. Sista alinitambulisha: "Huyu ni mtaalamu yetu." Akauweka mtungi mezani, akasema gesi yote ya friza zao imo humo. Fundi mkuu wa supamaketi akachomeka geji ya kupimia gesi. Mshale haukusogea. Akaigeuza ili meza nzima ione.

"Sista, mtungi huu ni mtupu."

Bosi mmoja akacheka puani. "Basi mkasafishe jiko lenu kwanza." Kikao kikavunjika chai ikiwa bado ya moto.

Ilitakiwa nisimame niseme: ni mimi, masista hawana kosa. Maneno matano tu au sita! Nikasema nini? "Labda imevuja njiani." Jamani! Valvu niliifunga mimi!

Nje Sista akanishika mkono wa shati. "Ulikata mabomba?"

Nikaanza kulegeza tai.

"Ulinidanganya mbele ya Mungu. Sawa, atakusamehe, njo kazi yake. Lakini mbele ya bale batu! Tulisimama mu mvua miaka ngapi?"

Supamaketi haikukaa nao tena. Walinzi wakawa wanawatania: "Leo mtungi mmeleta?" Masista wenzake wakamwomba Sista Rozalia asiwasemee tena hadharani. Ijumaa zikapungua watu, kisha mabango yakabaki ndani. Gesi inavuja hadi leo.

Na mimi? Nilimkasirikia yeye! Nani alimwambia abebe mtungi? Niliishi na upuuzi huo kwa muda mrefu.

Siku moja kabla ya kurudi nyumbani, nilizunguka kurudisha kila nilichoazimwa. Haji akaukagua mpira wa mashine, akanitazama. "Hii haijaonja gesi, kaka." Akairudisha mashine rafuni. Nilitamani anitukane.

Mwisho nikaenda Edgbaston na koti, nimelifua, nimelinyoosha. Sista akalipokea mlangoni.

"Aksanti. Na kule supamaketi, ulienda kubaambia?"

"Hapana, Sista. Ndege yangu ni kesho."

"Basi bado."

Akafunga mlango taratibu. Heri angeubamiza!

Wewe unayesoma hapa, una cheti ukutani, una haraka, unajiambia gesi haionekani: usikate. Na kama umeshakata, nenda ukaseme wakati wale watu bado wako mezani. Mimi nilirudisha vyote siku ile, mpaka kifungo cha akiba cha koti, na nilipanda ndege nikiwa bado nadaiwa.