Baba Alipoizungushia Uzio Nyumba ya Italia

Mama hakuiamini ile nyumba tangu siku Baba alipoweka picha zake kwenye meza ya jikoni, kwetu Vårby gård, Sweden. Aliziangalia moja moja, akazirudisha, akauliza ni nani alifia humo. Baba akasema hakufia mtu. Ni nyumba ya shangazi wa mwenzake wa kazini, Mwitaliano wanayepaka naye rangi majengo, na bibi huyo amehamia mjini kwa mwanawe. Mama akasema hata kama. Watu wanauzaje nyumba ya shangazi yao kama wanauza baiskeli? Ukoo mzima umekosa hata mmoja wa kuitaka?

Nilikuwa na miaka kumi na sita, na nilikuwa na shaka yangu mwenyewe ambayo niliiandika tu, sikumwambia mtu: kwamba Baba anataka kutuhamishia huko. Tulishahama vya kutosha. Burundi nilitoka nikiwa mgongoni, kambini Kigoma tukakaa mpaka Kiswahili kikawa ndicho cha nyumbani, kisha Sweden. Baba alisema hii ni ya likizo tu, kama Waswidi na vibanda vyao vya visiwani. Lakini kabla ya safari nilimwona akifunga jembe kwenye blanketi. Mtu wa likizo anapeleka jembe wapi?

Mwishowe Mama alitoa sharti. Baba aende akaitengeneze, naye atakuja mwisho wa Julai kuiona. Asipoipenda, iuzwe, na habari ya Italia isitajwe tena.

"Na iwe na uzio, baba watoto," alisema. "Nyumba isiyo na uzio ni kituo cha basi."

Hapo hakuwa anatania. Kambini kila mpita njia alijua tunapika nini, na siku tusipopika alijua pia. Na huku tunaishi ghorofa ya saba, uzio utauweka wapi?

Nilipelekwa mimi, niwe mkalimani wake, kwa sababu nilisoma Kihispania shuleni na Baba aliamini ni kitu kimoja na Kiitaliano. Mimi ambaye dukani ni heri nikose kitu kuliko kuuliza kiko wapi.

Kijiji kilikuwa juu ya kilima, nyumba za mawe zimeshikana, nusu yake zimefungwa madirisha. Ya kwetu ilikuwa ya mwisho, na nyuma ilikuwa na ua wenye mtini na ngazi za mawe zilizoteremka kwenye majani. Baba alipanga vigae upya, akapiga lipu. Mimi nilikwangua kuta. Chini ya chokaa nyeupe kulikuwa na rangi ya buluu, nikaipenda, sikusema.

Tatizo lilikuwa watu. Kila asubuhi jirani yetu, bibi mmoja mwenye aproni ya maua, alikatiza uani kwetu na kopo la kumwagilia maji, akatuamkia, akachungulia dirishani, akaendelea. Baadaye alipita mzee na mbwa wake. Jioni wanawake wawili, nao wakachungulia. Baba alisema wanakuja kuona tuna nini. Siku tindo yake ya kuchongea mawe ilipopotea, alianza kulaza vifaa chini ya kitanda. Tindo tuliikuta kwenye ndoo ya mchanga, lakini vifaa vikaendelea kulala chini ya kitanda.

Basi akakata matete kule mtoni, akasimamisha nguzo, akasuka uzio wa kwao Burundi, mrefu kuliko mtu, ukazunguka ua mzima. Mlango ukawa mmoja tu, upande wa barabara, na kufuli. Kwa kweli ulikuwa mzuri. Alinituma niupige picha kila upande.

Kesho yake hakuna aliyetusalimu. Mwanamke wa duka la mikate aliniwekea chenji mezani badala ya mkononi. Nilipopita bombani, mazungumzo yalikatika. Ninaijua hali hiyo, ni ile ya treni ikijaa halafu kiti cha pembeni yako kinabaki kitupu. Baba alisema, "Sasa wamejionyesha," nami nilikubaliana naye kabisa.

Mama alipopiga simu aliuliza majirani vipi. Baba akasema wazuri. Mama akaomba apewe mimi, akauliza tena. Nilimjibu kwa Kiswidi, kama kawaida yangu, kwamba wamenyamaza tangu uzio uishe.

"Hawajanyamaza bure," alisema. "Acha kuangalia wanavyokuangalia. Angalia wanakwenda wapi."

Asubuhi nilimwona yule bibi akipanda barabara kubwa na kopo lake, akisimama kila baada ya muda kushika kiuno. Kuuliza nisingeweza, kwa hiyo nilimfuata. Barabara ilizunguka kilima chote ikatufikisha makaburini. Nikainua macho. Juu yetu, karibu sana, palikuwa na mtini wetu, zile ngazi za mawe, na matete ya Baba yamezikata katikati.

Bibi aliniona. Nilichukua kopo nikamwagilia maua aliyonionyesha, kwenye kaburi lenye picha ya mwanamume. Aliongea polepole, nikaelewa kiasi: ni mumewe, na njia yake ya kuja hapa ilipita uani kwetu.

Nilipomweleza Baba, alikasirika kwanza. "Wapite uani kwangu? Mama yako anakuja Jumamosi." Kisha alikaa chini mbele ya uzio wake, akautazama kama anauaga.

Hakuubomoa. Aliukata pande mbili, njia inapoingia na inapotokea kwenye ngazi, akasuka ukuta mwingine wa matete kando ya njia, kama njia ya ng'ombe inavyopita katikati ya nyua kule kwao. Ua ukapungua sana. Mtini ukabaki nje, wa wapita njia.

Mama alifika, akautikisa uzio kwa mkono, akazunguka nyumba mara mbili. Nje ya matete aproni ya maua ikapita.

"Nani huyo?"

"Anakwenda kwa marehemu mumewe," Baba akasema.

"Kila siku?"

"Kila siku."

Mama alisikiliza nyayo mpaka zikaisha kwenye ngazi. Baba alikuwa ameshika kofia yake kwa mikono miwili.

"Jiko lihamie upande ule," Mama alisema. "Hapa harufu inawafikia wapita njia."

Baba alikuwa ameshabeba meza.

Mpaka leo Mama hajasema kama ameipenda. Haijauzwa, basi. Na jembe hatukurudi nalo Vårby gård. Baba aliliacha nyuma ya mlango, limepakwa mafuta lisishike kutu. Bado sijaliamini.